Fundi Mwanamvua na Kabati la Ngazi Mbili

Katika kata ya Chunyu, wilayani Ruangwa, mtu akitaka kinu kisichopasuka au fremu ya mlango ambayo haitapinda mvua zikija, anaelekezwa kwa mwanamke. Jina lake Mwanamvua Abubakary. Ana miaka sitini na mitatu, wajukuu saba, shamba la mikorosho na jingine la ufuta, na banda ubavuni mwa nyumba ambamo randa, misumeno na patasi zimetundikwa ukutani, kubwa juu na ndogo chini. Majirani humwita Mama Sabaha, kwa jina la binti yake wa kwanza. Wateja humwita Fundi.

Ufundi aliupata kwa baba yake, mzee Abubakary, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Mwanamvua alipofika miaka saba mzee alimpa kipande cha msasa. Alipofika tisa alikuwa anautambua mninga na mkongo kwa kunusa tu. Ndugu wa baba walilalamika kwamba mtoto wa kike anaharibiwa. Mzee aliwasikiliza kwa heshima, akawaandalia chai, na kesho yake alfajiri akamwita binti yake bandani kama kawaida. Asubuhi randa, mchana shule, jioni chuo cha Kurani, ndivyo alivyokua.

Kazi za mzee zilikuwa nyingi, lakini moja tu ndiyo aliyokuwa akiitaja mara kwa mara. Kabla ya uhuru, Waingereza walipokuja Nachingwea na mradi wao mkubwa wa karanga, walijenga nyumba ya bwana wao juu ya kilima pembeni mwa mji. Mbele ilikuwa na ngazi mbili za mawe, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, zikikutana kwenye baraza. Watu wakaiita Ngazi Mbili, na jina hilo limedumu kuliko jina la bwana mwenyewe. Abubakary alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoitwa kutengeneza milango yake.

Karanga zilikataa, Wazungu wakafunga mizigo. Nyumba ikawa ofisi, ikawa bweni la wanafunzi, ikawa ghala, mwisho ikafungwa na miti ikaota kwenye mifereji ya paa. Mwanamvua aliiona mara moja tu, akiwa na miaka kumi, baba alipompeleka Nachingwea kununua misumari. Walisimama nje ya uzio mpaka mlinzi akaja kuwafukuza. Wakati wanashuka kilima mzee alimwambia kwamba mle ndani kuna kazi yake ambayo hata mwenye nyumba hakuijua yote. Mwanamvua aliuliza kazi gani. Baba alicheka tu, akabadilisha mazungumzo. Alifariki mwaka ambao Mwanamvua alitimiza thelathini, na swali hilo likabaki bila jibu.

Ilikuwa Julai mwaka jana, ufuta umeshavunwa na korosho bado hazijaanza. Sabaha, anayeuza vitambaa sokoni Ruangwa mjini, alimtumia mama yake picha kwenye simu. Mwanamvua aliiangalia akiwa amesimama na kijiko cha mboga mkononi. Ilikuwa Ngazi Mbili. Kuta zilikuwa nyeupe, paa jipya, na mbele kulikuwa na kibao kikubwa: Makumbusho ya Ngazi Mbili. Chini ya picha Sabaha aliandika kwamba kikundi cha wananchi wa Nachingwea kimeikarabati nyumba, na sasa iko wazi kwa mtu yeyote, siku zote isipokuwa Jumatatu.

Mwanamvua aliyasoma maneno hayo mara tatu. Kisha akatoka na kijiko chake, akavuka barabara mpaka kwa Lusiana.

Lusiana ni rafiki yake tangu darasa la kwanza, mwanamke mwangalifu, asiyependa safari ambayo haina msiba wala harusi. Aliuliza nyumba ya Wazungu inawahusu nini watu wazima wenye magoti mabovu. Mwanamvua alimwekea ile picha mbele ya macho, akamwambia kwamba amesubiri miaka hamsini na miwili na hawezi kusubiri mpaka wiki ijayo. Lusiana aliangalia picha, akamwangalia rafiki yake aliyekuwa bado ameshika kijiko cha mboga, akasema basi Jumamosi, lakini chakula cha njiani atapika yeye.

Jumamosi Mwanamvua aliamka kabla ya adhana. Alivaa dira la bluu ambalo alikuwa amelitunza kwa ajili ya Idi, akajifunga kanga mpya juu yake, akalivua dira, akalivaa tena. Mpaka jua linachomoza alikuwa ameketi nje, kibegi mapajani. Walichukua bodaboda mpaka Ruangwa, wakapanda Noah ya Nachingwea, na njia nzima Mwanamvua alisimulia habari za milango mpaka dereva naye akawa anauliza maswali. Alipowashusha chini ya kilima alimwomba akirudi amweleze ndani kukoje.

Walipokelewa na mama mmoja wa miaka hamsini hivi, miwani imening'inia shingoni. Aliwaamkia shikamoo, akajitambulisha kuwa ni Mwalimu Prisila. Alifundisha historia miaka ishirini na tano, na sasa ndiye msimamizi wa makumbusho. Alifurahi kuona wageni kutoka Ruangwa, maana wengi aliokuwa akiwapata ni wanafunzi.

Mwanamvua alipanda ngazi ya kulia, Lusiana akapanda ya kushoto, wakakutana barazani wakicheka kama wasichana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mwanamvua hakuingia mara moja. Aliinama akapitisha vidole kwenye ukingo wake wa chini, mahali ambapo watu hawaangalii, akakuta pamepigwa randa laini sawasawa na mbele. Akanyanyuka, macho yanamng'aa. Alimwambia Lusiana kwamba ni huu, ni wa baba, kwa sababu baba alikuwa akisema fundi anajulikana kwa upande usioonekana.

Vyumba vilipangwa vizuri. Kulikuwa na picha za matrekta yaliyosimama kwenye mistari, kiti cha chuma cha trekta moja, redio kubwa kama kabati, taipureta, na vikombe vya bati vya vibarua. Mwalimu Prisila alieleza kila kitu kwa sauti yake ya darasani, na Lusiana, ambaye hakutaka kuja, ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Mwanamvua alikuwa nyuma, anafungua na kufunga milango. Alihesabu kumi na minne. Miwili ilikuwa imebadilishwa bawaba na mtu asiyejua kazi, na jambo hilo lilimuudhi kidogo. Iliyobaki ilikuwa inafunga bila kelele baada ya miaka sabini na kitu.

Chumba cha mwisho, nyuma ya nyumba, kilikuwa ofisi ya bwana. Ndani yake hakukuwa na kitu ila meza moja, na kwenye ukuta wa kushoto kamba nyekundu imezungushwa mbele ya kabati. Lilikuwa kabati la mninga lililojengwa ndani ya ukuta, refu kuliko mtu, milango miwili isiyo na kitasa wala tundu la ufunguo. Karibu yake kulikuwa na karatasi yenye maelezo. Lusiana aliyasoma kwa sauti. Yalisema kabati hilo lilikuwa limefunikwa na tabaka nyingi za rangi kama ukuta, likagunduliwa mafundi walipokuwa wakikwangua, na mpaka sasa namna ya kulifungua haijulikani.

Mwalimu Prisila alieleza kwamba wamejaribu kila kitu. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka likatwe kwa msumeno wa umeme. Yeye alikataa, akasema hata likikaa limefungwa miaka mia ni bora kuliko kulipasua.

Alipogeuka alimkuta Mwanamvua ameshika kamba kwa mikono miwili. Kwenye sehemu ya chini ya kila mlango kulipita ubao mwembamba wa urembo, umechongwa majani madogo matatu, kisha nafasi, kisha majani matatu. Mwanamvua alikuwa ameyaona majani hayo kila siku ya maisha yake. Yalikuwa kwenye sanduku la mama yake, lile la kutunzia kanga, ambalo sasa liko chini ya kitanda chake mwenyewe huko Chunyu. Nalo halina kitasa.

"Mwalimu," alisema, "hili ninaweza kulifungua."

Mwalimu Prisila alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyenyoosha mkono kwa swali gumu. Alisema vitu vya makumbusho haviguswi na wageni, hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Mwanamvua alisema anaijua sheria hiyo, na kwamba yeye akiwa na miaka tisa baba yake alimfunga kitambaa machoni akamfundisha kulifungua sanduku lenye majani hayo kwa kupapasa, mpaka akaweza. Alieleza namna mlango unavyoinuliwa kidogo kwanza, ubao wa chini ukasukumwa pembeni, na kijiti kilichofichwa ndani kikadondoka kwenye nafasi yake. Lusiana aliongeza kwamba fundi huyu haongopi, na kwamba kama angekuwa mwongo yeye asingekubali kuacha kuku wake siku nzima.

Mwalimu alisita. Kisha akatoka barazani kumpigia simu mwenyekiti wa kamati. Walisikia anaeleza, ananyamaza, anaeleza tena. Aliporudi aliifungua kamba mwenyewe, akaikunja, akaiweka mezani.

"Tumeruhusiwa," alisema. "Lakini Mama, ukisikia linalia kama linavunjika, uache."

Mwanamvua aliomba kisu chembamba cha mezani na mshumaa. Alipiga magoti juu ya kanga yake mpya. Kwanza alipitisha ncha ya kisu kwenye mwanya, taratibu, akatoa rangi kavu iliyobaki, vumbi jeupe likamwagika sakafuni. Akapaka nta ya mshumaa mahali ambapo ubao ungepita. Akaingiza kisu chini ya mlango wa kulia, akauinua kidogo sana, unene wa ukucha, akausukuma ubao kwenda kulia kama alivyozoea nyumbani.

Haukusogea. Akajaribu tena kwa nguvu kidogo. Mninga ulilia, na Mwalimu Prisila akapiga hatua moja mbele. Mwanamvua akaondoa mikono.

Alikaa juu ya visigino vyake, jasho linamtoka. Alijisikia aibu ikimpanda. Labda baba alichonga majani yale kwa urembo tu. Labda amejivuna mbele ya mtu aliyesoma bila sababu. Lusiana alikuja akachuchumaa pembeni yake, akamuuliza kwa sauti ya chini kama sanduku la nyumbani mzee alilitengeneza kwa ajili ya nani. Mwanamvua akajibu, la mama.

Hapo akakumbuka. Mama yake alitumia mkono wa kulia. Baba alikuwa mashoto, watoto wa jirani walikuwa wakimwigiza anavyoshika nyundo. Sanduku alilitengeneza lifuate mkono wa mkewe. Kabati hili alilitengeneza kabla hajaoa, akiwa na siri yake mwenyewe, na mkono wake mwenyewe.

Alihamia mlango wa kushoto. Akausafisha mwanya, akapaka nta, akashika kisu kwa mkono wa kushoto ingawa ulikuwa mzito. Akauinua mlango. Akasukuma ubao kwenda kushoto. Ulikwenda kama umepakwa mafuta jana, na ndani ya mbao kitu kikadondoka, ko, sauti ndogo tu ambayo wote watatu waliisikia.

Mlango ukajifungua wenyewe, inchi mbili.

Mwalimu Prisila alikuwa amejiziba mdomo. Lusiana alikuwa amemshika Mwanamvua bega kwa nguvu kiasi kwamba kesho yake palikuwa na alama. Harufu ya mninga ilitoka, mbichi, kana kwamba fundi alikuwa ametoka hapo sasa hivi kwenda kunywa maji. Ndani kulikuwa na rafu nne. Palikuwa na ramani ya nyumba iliyoviringishwa, sahani chache za kaure, na chupa ya wino uliokauka. Mwalimu Prisila alizishika kwa kitambaa, moja moja, akisema kila mara kwamba hawezi kuamini.

Mwanamvua hakuangalia sahani. Alikuwa ameuona upande wa ndani wa mlango. Kuanzia juu mpaka katikati palikuwa na maandishi ya penseli, mistari iliyonyooka, ya herufi za Kiarabu.

Mwalimu alisogea, akavaa miwani, akasema kwa masikitiko kwamba yeye Kiarabu hakijui na itabidi atafutwe mtaalamu. Mwanamvua alimwambia si Kiarabu. Ni Kiswahili, kimeandikwa kwa herufi za chuo cha Kurani, kama wazee walivyokuwa wakiandikiana barua. Akaweka kidole karibu na mstari wa kwanza bila kuugusa, akasoma.

"Mimi Abubakary bin Shaban, seremala, wa Chunyu, nimetengeneza kabati hili na milango ya nyumba hii. Nyumba wameijenga hawa."

Yakafuata majina kumi, kila moja na kazi ya mtu na kwao. Jamali bin Issa wa Kiegei, mwashi, ndiye aliyechonga mawe ya ngazi. Wawili wa Ruangwa walipandisha paa. Mmoja alichoma chokaa, na pembeni ya jina lake iliandikwa kwamba aliungua mkono akaendelea na kazi. Mwalimu Prisila alikuwa anaandika kwenye daftari haraka, akimwomba arudie, na Mwanamvua alirudia kwa sauti iliyokuwa ikipanda kila jina.

Akafika jina la kumi, akasogeza uso karibu.

Majina mengine baba alikuwa ameyaandika harakaharaka, mengine hayana hata nukta. Hili la mwisho aliliandika kwa herufi kubwa kidogo, na kila herufi aliiwekea irabu yake, juu na chini, kwa uangalifu wa mtu anayepamba kitu. Hadija binti Salum, wa Kiegei, mbeba maji.

"Huyu ni mama yangu," alisema Mwanamvua.

Alijua kwamba wazazi wake walikutana Nachingwea. Ndivyo walivyosema siku zote, walikutana Nachingwea, na yeye alidhani ni sokoni. Mama hakuwahi kusema kwamba alipandisha maji kwenye kilima hiki, ndoo kwa ndoo, akiwa na miaka kumi na saba, ili chokaa ya kuta hizi ikorogwe. Labda aliona si jambo la kusimulia. Mwanamvua alikaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta ambao mama yake aliuletea maji, akacheka na kulia kwa pamoja. Lusiana alikaa naye. Hata Mwalimu Prisila akavua viatu akaketi, daftari mapajani, akasubiri.

Chini ya jina la Hadija kulikuwa na mstari mmoja wa mwisho. Mwanamvua aliusoma baadaye, alipotulia. Ulisema: Milango ni yetu, lakini kwa sasa tunapita mlango wa nyuma.

Habari zilisambaa upesi. Mwalimu Prisila aliandika majina yote kumi na moja kwa herufi ambazo kila mtu anazisoma, akayatundika barazani, sehemu ya kwanza ambayo mgeni anaiona. Redio ya wilaya iliyatangaza. Misikitini na kanisani yalisomwa. Kamati nayo ilituma ujumbe Chunyu, ikamwomba Fundi Mwanamvua atengeneze mlango mdogo wa mninga wenye siri ileile, uwekwe mezani, wageni wajaribu wenyewe bila kuchosha ule wa zamani. Alifanya kazi hiyo wiki tatu. Alitengeneza miwili, mmoja wa kwenda kulia na mwingine wa kwenda kushoto, bila kuweka alama yoyote ya kuonyesha upi ni upi. Mwalimu anasema wanafunzi wanagombania kuifungua, na kwamba hajawahi kuona watoto wakikataa kutoka kwenye somo la historia.

Bawaba mbaya za ile milango miwili, alizirekebisha siku alipopeleka kazi. Hakuombwa.

Wiki ya kwanza ya Septemba walikuja watu wa Kiegei. Walikuwa wanane, wazao wa Jamali bin Issa, wakiongozwa na mwanawe Ismaily, mzee wa miaka sabini na mitano mwenye fimbo. Mwalimu Prisila alimpigia simu Mwanamvua mapema, naye akaacha kusafisha chini ya mikorosho akaja. Mzee Ismaily alikuwa amelelewa akiambiwa kwamba baba yake alichonga ngazi, lakini utotoni kwake watu walimcheka, wakisema ngazi zile zililetwa kwa meli.

Mwanamvua alimsimamisha mbele ya mlango wa kabati, akamsomea mstari wa baba yake. Mzee aliomba asomewe tena. Aliposomewa mara ya tatu alifuatisha yeye mwenyewe kwa midomo, neno kwa neno, kisha akawageukia wajukuu zake, akauliza kama wamesikia.

Baadaye walitoka wote nje. Wanawake wa Kiegei walikuwa wamekuja na mihogo ya kuchemsha na karanga za kukaanga, na mtu mmoja akauliza kama inaruhusiwa kula hapo. Mwalimu Prisila alifikiri kidogo, akasema ndani hapana, ngazini ruksa. Mzee Ismaily alichagua jiwe la tatu kutoka chini, akalipapasa ukingo kwa kiganja, akakaa. Mwanamvua akakaa jiwe la juu yake, akapokea sahani ya mihogo, na mzee akaanza kumuuliza mama yake Hadija alikuwa wa nyumba ipi pale Kiegei, maana huenda wao ni ndugu.